Muhuri Usioinama

Muhuri wa Nishiwaki Chizuru ulisimama wima kwenye karatasi, na hilo peke yake lilitosha kumpandisha Mkuu Kumagai mori. Katika ofisi ile ya Toyama, mdogo hugonga muhuri wa jina lake ukiwa umelala kidogo upande, uonekane unauinamia wa mkubwa. Wa Nishiwaki haukumwinamia mtu.

"Adabu umeiacha nyumbani, Bi Nishiwaki?"

"Ninayo, Mkuu. Soma taarifa."

Taarifa ilikuwa ya kurasa mbili. Programu ya kuendeshea printa za kampuni yao ilikuwa na tundu: mtu aliye popote duniani angeweza kupenyeza amri zake humo na kuitawala kompyuta nzima. Hospitali ziliitumia, shule pia. Kwa wiki sita Kumagai alikuwa akiirudisha taarifa hiyo, leo herufi ni ndogo, kesho neno "hatari" ni kali mno.

"Mstari wa elfu nne mia moja na kumi na mbili wa programu," Nishiwaki alisema bila kuitazama karatasi. "Una miaka kumi na moja. Wateja waambiwe leo."

Kumagai alicheka kwa dharau. "Sema tu unataka kumtwika Okabayashi kosa hilo. Kakupita cheo, sasa unamchimba. Ofisi nzima inajua."

Meza ya pili, Okabayashi aliikodolea macho chai yake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Nishiwaki alikuwa amechoshwa na kunyamazishwa. "Ofisi nzima iseme inavyotaka. Mimi sibanduki hapa mpaka ugonge muhuri wako."

"Haya! Nagonga, na wateja wataambiwa. Lakini kisanduku cha mwisho kiko wazi, cha muhuri wa aliyeuandika huo mstari. Huyo anakusanya vitu vyake leo hii, watu wote wakimwona. Roho yako italibeba hilo?"

"Gonga, Mkuu."

Kumagai akagonga kwa hasira hadi kalamu zikaruka. Okabayashi akafumba macho.

Nishiwaki akaupulizia muhuri wake pumzi, akauchovya kwenye wino mwekundu, akaukandamiza ndani ya kisanduku cha mwisho. Jina lake likatokea, limesimama wima.