Perege na Mtungi Mwembamba

Si zamani sana, katika tangi la kioo sebuleni kwa Bi Mwanakheri, aliishi Kambare mpole mwenye mdomo mpana. Siku moja akaletewa mwenzake, Perege mlafi. Perege alipouona mdomo ule, alijipenyeza upesi ndani ya mtungi mdogo uliolala chini ya maji. Shingo ya mtungi ilikuwa nyembamba. Kambare asingeweza kuingia.

Bi Mwanakheri alipomwaga chakula, Perege alichomoka, akakila chote kabla hakijafika chini.

"Na wewe je, kaka?" aliuliza kwa dhihaka.

"Kula, mdogo wangu. Wewe ni mgeni."

Perege akacheka moyoni: bwege huyu! Siku zikapita, akanenepa, akaacha hata kurudi mtungini. Kila jioni sharubu za Kambare zilimpapasa ubavu taratibu, kama mnunuzi anayebonyeza parachichi sokoni. Perege alidhani ni mapenzi.

Jioni moja Kambare akasema, "Aliyekutangulia naye aliupenda sana mtungi huo."

"Kwani alikwenda wapi?"

"Hakwenda mbali."

Baridi ikampanda Perege hadi kwenye mapezi. Akaukimbilia mtungi. Kichwa kikaingia, tumbo likagoma. Akasukuma, akasukuma tena. Nyuma yake maji yakatulia kimya, kisha sharubu zikamgusa mkia.

"Usijisumbue, mdogo wangu," Kambare alisema kwa upole uleule. "Wote hukwama hapohapo."