Kofia ya Kupigia Picha

Kipande cha tofali kilidondoka kutoka juu, kikamwangukia kichwani mama anayewachotea mafundi maji kwenye ujenzi wa ghorofa pale Isevya. Ndoo ikapinduka. Mama akakaa chini palepale kwenye tope, damu ikimchuruzika hadi kwenye jicho.

Leodgar, msimamizi wao, alimkimbilia.

Kofia ngumu ilikuwa moja tu pale kazini. Kila asubuhi alimvalisha kila mmoja kwa zamu, akampiga picha, akazituma kwenye ile programu ya usalama ambayo wakubwa wa Dar huitazama. Simu ikajibu kwa alama ya kijani: wote salama. Baada ya hapo kofia ilikuwa yake kutwa nzima.

Hata sasa alikuwa ameivaa, ukanda umembana kidevuni.

"Pole, mama. Pole sana." Aliona haya hata kumtazama. Akainua simu ili aite bajaji ya kumpeleka hospitali.

Mama aliiona ile simu. Akajifuta jicho kwa pindo la kanga, akajiweka sawa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nivalishe kofia, nisije nikakuponza kwa wakubwa."