Mtindo wa Kulalia Kushoto

"Haya, rudia," alisema daktari, ameketi kwenye kigoda mbele ya magoti ya pacha wake. "Maneno kumi na mawili."

Msusi alisimamisha kitana hewani. "Kiti. Mvua. Na... kile kingine."

Daktari aliandika mbili, akajikaza asicheke. Alikuwa akitafiti kama watu ambao ubongo wao ulivimba kwa maradhi wakiwa wachanga hupata shida kujifunza na kukumbuka ukubwani. Mfano ulikuwa kwao: mapacha wa kufanana kabisa, mmoja aliugua akiwa na wiki tatu, mwingine hakupiga hata chafya. Mama alimfunga mgonjwa uzi mwekundu mkononi asije akawachanganya. Shangazi aliufungua tu wakati wa kuwaogesha, kisha akaufunga tena.

Tangu hapo wimbo nyumbani ulikuwa mmoja: mwacheni huyo, homa ilimharibu kichwa. Msusi akisahau vyombo, pacha wake anaosha. Akisahau masomo, pacha wake anayasoma upya ili amfundishe, na kwa kusoma kila kitu mara mbili ndivyo mwenzake alivyoibuka daktari. Kitu pekee ambacho msusi hakuwahi kusahau ni kumsuka dada yake kila Jumamosi, mtindo uleule wa kulalia kushoto. Hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uguse kichwa kile.

Leo mtihani ulikuwa na uzito. Mama alikuwa amezeeka, ana dawa saba, kila moja na saa yake. Msusi angekumbuka angalau maneno manane, mama angehamia kwake. Daktari, aliyechoka kwa zamu za kliniki, alitamani kwa moyo wote afaulu.

"Basi, mama anakuja kwangu," alisema, akashusha pumzi. "Ila nahitaji picha ya kovu lako. Mama anasema walikuchoma sindano ya dripu kichwani, juu ya sikio la kushoto."

"Litakuwa limeshafutika, dada. Miaka arobaini si mchezo. Hebu inama kidogo."

Daktari aliinama. Msusi alilaza msuko wa mwisho juu ya kovu dogo lililokuwa juu ya sikio la kushoto la pacha wake, akaubana vizuri, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu wakiwa wasichana wadogo. Kisha, kimoyomoyo, akayarudia maneno yote kumi na mawili bila kuruka hata moja.