Makoti ya Julai

Jua la Julai lilikuwa linayeyusha lami, na Bibi Etelka alikuwa amepiga magoti akisukumia makoti ya baridi chini ya kitanda chake. Yote yalikuwa bado ndani ya mifuko ya nailoni, yametoka kwa dobi Gusztáv jana yake. Mengine hata si yake, aliyaazima kwa majirani.

Wiki iliyopita injinia Barnabás alikuja na viatu vinavyong'aa, akaeleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji. Kiwanda cha zamani cha kusafishia nguo kilimwaga ardhini dawa yake ya kufulia bila maji. Sasa pampu zilikuwa zikivuta maji ya chini ya mtaa ili yasafishwe, lakini mvuke wa dawa ulikuwa unapanda kupitia sakafu za nyumba.

"Nitapima hewa yako, bibi. Ila ondoa kila nguo iliyotoka kwa dobi. Madobi wanatumia dawa ileile, mvuke wa nguo utadanganya kipimo."

"Asante kwa kunifumbua macho, mwanangu," alisema Bibi Etelka, akamjazia glasi ya palinka, pombe kali ya matunda.

Mvuke! Amelala juu ya sakafu hiyo tangu aolewe, hata mafua hayajui. Wasomi wanavuta maji meupe, wanarudisha maji meupe, na mshahara wanapokea. Lakini nyumba ikionekana mbovu, manispaa humpa mwenyewe nyingine. Na mjukuu wake Rebeka alikuwa amebanana na wakwe kwenye chumba kimoja, kichanga kinalala ndani ya droo ya kabati.

Barnabás akarudi na chombo chake cha kupimia, akakiweka mezani.

"Nguo za dobi umetoa?"

"Kwani mimi mtoto?"

Chini ya kitanda hakuchungulia. Msomi hainami.

Majibu yalipotoka, uso wa Barnabás ulikuwa umekunjamana. "Bibi, mtaa mzima hakuna pabaya kama hapa. Uhame leo."

Bibi Etelka alijishika kifua, akalia kidogo, kwa adabu tu.

Akapewa nyumba ya ghorofani, yenye lifti. Mlango wa zamani ukabandikwa karatasi ya marufuku. Jumapili, watu wakiwa kanisani, akapitia uani na ufunguo wa akiba, akamwingiza Rebeka na mtoto wake.

"Bibi, wanasema humu mna sumu."

"Sumu ni mdomo wa mama mkwe wako. Humu mlikuwa na makoti tu, nimeshayatoa. Tandika ulale."

Kesho yake akaenda kwa Gusztáv na chupa kwapani.

"Kunywa, dobi wangu! Makoti yako yamenipa nyumba mbili!" Akamsimulia yote, akimwigiza injinia anavyovuta pua kabla ya kusema jambo la kijinga. Gusztáv alicheka mpaka akashika meza. Mara kicheko kikamkatika.

"Makoti hayohayo niliyokupa mimi?"

"Hayohayo."

Gusztáv alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Bibi Etelka, usinitangaze kwa watu. Ile dawa niliacha kuinunua siku nyingi, bei ilinishinda. Makoti yenu nayafua kwa maji na sabuni."

Wakati huo Rebeka alikuwa anazunguka chumba kwa chumba akifunga madirisha, kichanga kisipigwe na upepo.