Mara Saba

"Muulize mwenyewe," ile sauti nzito ikasema simuni, kama inayotoka nyuma ya kitambaa. "Lakini haraka, mzee. Kisu hakina subira."

Don Evaristo aliibana simu sikioni. Miaka yote aliyofundisha hesabu hapa Puebla, Meksiko, hakuwahi kupigiwa simu ya namna hii. Asubuhi binti yake Chela aliaga anakwenda chuo, machenza yake mkobani.

"Papá!" binti akalia. "Papá, wape wanachotaka!"

Ilikuwa sauti ya Chela, au ya binti yeyote anayelia. Matapeli wamejaa mjini. Wanapiga simu, wanamliza mtu, mzazi anahamanika na kutoa kila kitu. Ndiyo maana baba na binti walikuwa na namba yao: 142857. Uizidishe kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa sita, tarakimu ni zile zile, zinahama viti tu kama watoto wanaozunguka meza. Alimfundisha tangu yu mdogo, na ilikuwa siri yao wawili.

"Namba yetu, mwanangu. Mara tatu?"

Kwikwi. Kisha: "Nne, mbili, nane, tano, saba, moja."

Mzee alikuwa akimwomba Mungu asiwe yeye. Ni yeye.

"Umeridhika, mwalimu?" sauti nzito ikarudi. "Dhahabu ya marehemu mkeo, yote, hata bangili ya kwenye kopo la maharagwe. Ifunge, itie kwenye pipa la taka la kona. Ukimwita polisi, binti utamzika vipande."

Mpaka kopo la maharagwe! Wamemtesa kiasi gani mpaka akalisema?

Alikuwa anaichomoa bangili, maharagwe yakimwagika sakafuni, aliposikia mluzi wa mvuke wa mkokoteni wa muuza viazi vitamu. Ulilia mtaani. Ukalia na ndani ya simu.

Kumbe wako karibu! Pengine wamo garini, hapo hapo nje. Kutoka juu ya paa angeliona gari lao. Akavua viatu, akapanda ngazi ya nyuma, simu sikioni. Ilimbidi aendelee kuzungumza wasije wakashtuka.

"Nataka kumsikia tena," akanong'ona. "Nijue yu hai. Chela, na mara saba?"

Kwenye saba ndipo namba ile huacha mchezo wake. Tarakimu zote hugeuka tisa.

"Tisa," binti akalia. "Tisa, tisa, tisa..."

Don Evaristo akaganda kwenye kidato cha mwisho. Sikio la kulia lilizisikia tisa hizo simuni. La kushoto lilizisikia nyuma ya tangi la maji, pale pale paani.

Akachungulia. Beto, mchumba wa Chela, kitambaa mkononi, alikuwa amemshikia binti simu mdomoni. Chela amekaa juu ya ndoo, analia vizuri kabisa, huku anamenya chenza.