Neno la Mwisho la Mzee Makarius

Kijiko cha kumi na tisa kilipoingia mdomoni mwa Mzee Makarius, Specioza aliacha kumlisha, ingawa bakuli la uji lilikuwa bado nusu.

"Babu," alimwinamia sikioni, "tumefika kijiko cha ngapi?"

Mzee alimeza, akamtazama, akafumba macho.

"Toka," alisema Melkior, balozi wa nyumba kumi, aliyesimama mlangoni na daftari lake. "Maswali mawili kila mtu, na wewe umeshauliza matatu. Anayefuata!"

Foleni ilianzia chumbani, ikakatisha uani, ikaishia barabarani. Nusu ya mtaa wa Shanwe ilikuwepo. Kila mmoja alikuwa na tiketi ya bahati nasibu mahali fulani mwilini: kwenye soksi, kwenye pindo la kanga, katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Ya Melkior ilikuwa ndani ya kofia.

Mambo yote yalianzia mtaa wa Ilembo. Huko mzee mmoja alikata roho akihesabu mbuzi wake. Alifika thelathini na saba, akanyamaza moja kwa moja. Jumamosi iliyofuata redio ikatangaza tiketi iliyoshinda: iliishia na thelathini na saba, na mwenye tiketi hiyo alikuwa shemeji wa marehemu. Shemeji alinunua cherehani na baiskeli siku moja. Tangu hapo hapakuwa na mtu Mpanda aliyehitaji kuelezwa. Namba ya mwisho kutoka kinywani mwa mtu anayeondoka, hiyo ndiyo inayoshinda.

Siku ya kwanza watu walimpigia Mzee Makarius kelele za namba kama wako mnadani, mpaka Melkior akapiga marufuku. Kumtajia mgonjwa namba, hapana. Kumuuliza swali, ruksa.

Sasa alikuwa ameinama Anselmo, katekista, rozari mkononi.

"Mzee wangu, tujiandae kwa safari. Amri za Mungu ni ngapi?"

Foleni ilinguruma. Tiketi ya Anselmo iliishia na kumi, hata watoto walijua.

"Huyo anatumia dini!" alifoka Zubery mwenye duka.

"Na wewe jana ulimuuliza ulifungua duka mwaka gani," alisema Melkior.

"Nilikuwa namkumbusha urafiki wetu!"

"Maji," alinong'ona Mzee Makarius. Kwa siku nne neno lake lilikuwa hilo tu. Na leo ilikuwa Ijumaa. Kesho saa kumi redio ya Zubery ingetangaza.

Melkior aliuona uso wa rafiki yake ukizidi kuingia ndani, akaona haya. Walifanya kazi pamoja mgodini wakiwa vijana. Alipaswa kuwa anamshika mkono, si kupanga foleni. Lakini tiketi ile kofiani ilimwasha kichwa.

Hapo ndipo Eufrazia alipoingia uani, amejitwika sanduku la bati, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye kope.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu binti huyu wa pekee apande treni kwenda Tabora na fundi wa reli, bila mahari, bila kwaheri. Mzee Makarius aliapa kwamba kinywa chake hakitasema naye tena. Barua zake alizirudisha hazijafunguliwa. Mara ngapi Melkior alimsihi! Mzee alikuwa akigeuka tu na kuangalia ukuta.

"Balozi, shikamoo," alisema Eufrazia. "Ameshasema?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Ni maji tu."

Eufrazia alishusha pumzi, akakalia sanduku lake.

"Basi sijachelewa. Nimesimama kwenye behewa tangu Kaliua nikiomba Mungu nisichelewe. Nataka neno moja tu kwa baba yangu, balozi. Moja tu."

Romana, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliingiza tiketi yake kifuani na kuanza kulia. Melkior aliwageukia watu.

"Nyie hamna aibu? Mtoto anatafuta radhi ya mzazi, nyie mnatafuta namba! Tokeni! Wote, nje!"

"Na zamu yangu?" aliuliza Zubery.

"Zamu yako ni nje!"

Walitoka. Hata Anselmo alitoka, akijipiga ishara ya msalaba. Melkior alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Kisha akaivua kofia, akaitoa tiketi yake, akaichana vipande vinne mbele ya watu wote. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alijisikia mtu.

Mlango ulikuwa wa mbao kuukuu. Sauti ilipita.

"Baba. Ni mimi."

Kitanda kililia. Kisha ikaja sauti ambayo Melkior hakuwa ameisikia tangu Jumatatu, nyembamba lakini safi.

"Eufrazia."

"Abee, baba."

"Nimekusamehe, mwanangu. Mungu akubariki."

Uani, Romana aliangua kilio cha furaha. Specioza alimkumbatia Zubery bila kujua ni nani. Melkior aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye ndevu. Sasa rafiki yake angeweza kwenda kwa amani.

"Hapana, baba!" Sauti ya Eufrazia ilipanda ghafla, na kitanda kikatikiswa. "Usiishie hapo! Fumbua macho, baba. Sema themanini na sita."