Mbwa Mwenye Ukanda Mwekundu

Rasmini aliosha jeraha kwa sabuni mara tatu, kisha akateremsha saruni hadi kwenye kifundo cha mguu ili mumewe asilione. Alikuwa ameinama kuwawekea miungu sadaka ya asubuhi langoni, Belang akamng'ata. Mbwa huyo wa kichochoro ndiye huula wali wa sadaka kila siku, na hajawahi hata kumbwekea mtu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Suwitra, mwenyekiti wa mtaa, aliyempenda kama kaka wa tumbo moja. Ni wao wawili waliohangaika miaka miwili hapo mjini Denpasar hadi watu wakaacha kuwawekea mbwa sumu. Sasa mbwa walichanjwa, wakahasiwa, wakafungwa ukanda mwekundu shingoni na kuachwa waishi.

"Nakwenda kituo cha afya, kaka, nikachomwe sindano."

"Sindano ya nini? Belang si ana ukanda? Nilimshika mwenyewe akichanjwa!"

"Roho yangu haijatulia."

"Sikiliza, dada. Wakishaandika kwamba mbwa wetu kang'ata mtu, kesho mtaa mzima unajua, keshokutwa sumu imerudi. Unataka tuzoe mizoga tena?"

Hakutaka. Aliwahi kuzoa kumi na minne asubuhi moja. Akarudi nyumbani, akafunga mdomo.

Lakini Belang hakuonekana tena. Kila jioni Rasmini alipita kwa Suwitra kumuulizia, maana kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa.

"Yuko nyuma ya soko, kapata mchumba," Suwitra alicheka. "Jana nimemlisha kwa mkono huu. Mzima kuliko wewe!"

Rasmini naye akacheka, na usiku huo akalala fofofo.

Siku ya saba alimpeleka mama mkwe wake kupimwa macho. Walipokuwa kwenye benchi la kituo, upepo ulipeperusha pazia la chumba cha sindano. Suwitra alikuwa ndani, amekunja mkono wa shati hadi begani.

"Hii ya kichaa cha mbwa usiikatishe, bwana," nesi alisema. "Bado moja. Na yule mbwa?"

"Alikufa siku ileile. Nilimzika mwenyewe."

"Kuna mwingine aliyeng'atwa?"

"Hakuna, nesi," Suwitra alijibu. "Ni mimi tu."